Leo nimefundishwa kunyamaza

Wiki ya tatu ya mafunzo kwa vitendo, nasomea ualimu msaidizi wa watoto wenye mahitaji maalumu. Leo nimekaa na mtoto mwenye usonji, haongei, anatumia kadi za picha.

Nikamuuliza anataka rangi ipi. Kimya. Nikauliza tena, nikabadilisha maneno, nikamwonyesha kwa kidole, nikataka na kumshika mkono kabisa, ndo mwalimu akaninong'oneza, "Ushamuuliza. Sasa hesabu mpaka kumi kimoyomoyo."

Jamani, kumi ni nyingi!

Nimefika saba mikono inaniwasha, nane, tisa, hapo mkono wake ukaanza kutembea taratibu mezani, ukaipita nyekundu, ukasimama, akachukua ya bluu akanipa bila hata kuniangalia (na si dharau, tulifundishwa darasani ila nilishasahau).

Kumbe muda wote alikuwa anafikiria, mimi ndo namvuruga, kila nikirudia swali anaanza upya.

Ile kadi ya bluu ina kona imekunjika kwa kushikwashikwa. Mpaka sasa naiona.

Mnaofanya kazi hii, nyie mliwezaje kutulia? Maana mimi mdomo wangu mnaujua.