Nilivyofuata ala badala ya aina ya muziki

Ukiiachia programu ya muziki ikuchagulie, itakuzungusha pale pale. Ukisikiliza soul utaletewa soul nyingine, ukigusa rege ni Bob Marley mpaka kunakucha. Wanamuziki Weusi niliowapenda walikuwa wengi, ila karibu wote walitoka soul, rege na hip hop, pamoja na jazi kidogo ya kujionyesha msomi. Nilipotaka kutoka hapo niliacha kutafuta kwa aina ya muziki. Nilichagua ala moja na kuuliza: nani anaipiga?

Nilianza na kinubi. Kwenye Songs in the Key of Life, albamu ya Stevie Wonder ya 1976, kuna wimbo ambao hauna ngoma wala besi. Ni sauti yake na kinubi tu, na hamonika kidogo mwishoni. Mpigaji wa kinubi hicho ni Dorothy Ashby wa Detroit. Tangu miaka ya 1950 alikuwa akipiga jazi kwa ala ambayo wengi waliiona ni ya okestra. Niliposikiliza albamu yake ya 1968, Afro-Harping, nikaelewa kwa nini maprodyuza wa hip hop wamekata vipande vyake na kuvitumia katika nyimbo zao kwa miaka mingi. Kutoka kwake ni hatua moja tu kumfikia Alice Coltrane, naye mzaliwa wa Detroit. Katika Journey in Satchidananda ya 1971 kinubi chake kinakutana na tambura ya Kihindi, udi na saksafoni ya Pharoah Sanders. Hiyo usiiweke huku unafanya kazi nyingine. Kaa nayo.

Gitaa lilinipeleka kanisani. Sister Rosetta Tharpe alizaliwa Arkansas mwaka 1915, akakulia katika nyimbo za injili, halafu akazipigia gitaa la umeme kabla rock and roll haijapata jina. Tafuta video yake ya 1964 iliyopigwa Manchester, kwenye stesheni ya reli isiyotumika tena. Watazamaji wamekaa upande mmoja wa reli, yeye yuko upande wa pili, amevaa koti zito, kumelowa mvua, na bado anapiga solo ya kumfanya kijana yeyote wa roki aone haya. Jumba la heshima la rock and roll lilimwingiza mwaka 2018, miaka 45 baada ya kifo chake. Kwa mawazo yangu, huko ni kuchelewa kusikoelezeka.

Kantri sikuwa na hamu nayo hata kidogo. Banjo ndiyo iliyonivuta, kwa sababu chimbuko lake ni Afrika Magharibi. Waliovushwa bahari na kufanywa watumwa ndio waliofika Amerika na ujuzi wa kuitengeneza. Nikafuata uzi huo hadi kwa Rhiannon Giddens na wenzake wa bendi ya Carolina Chocolate Drops, waliojifunza kwa mzee Joe Thompson, mpiga fidla wa North Carolina. Nyuma zaidi yupo DeFord Bailey na hamonika yake, mmoja wa nyota wa mwanzo wa Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha Nashville, aliyeondolewa mwaka 1941. Na yupo Charley Pride. Nyimbo zake za kwanza zilipelekwa kwenye vituo vya redio bila picha yake. Kufika 1971 chama cha muziki wa kantri kikamtangaza mtumbuizaji bora wa mwaka. Sauti yake ni laini mno kwa masikio yangu, lakini nimeshaacha kudai kwamba kantri si ya Weusi.

Simfoni, yaani tungo ndefu za okestra, ndizo zilizonishinda kwa muda mrefu. Nilipata njia kwa kuanza katikati. Simfoni ya kwanza ya mtunzi Florence Price, iliyopigwa na Chicago Symphony Orchestra mwaka 1933, ina sehemu ya tatu iitwayo Juba, dansi ya watumwa ya kupiga makofi, mapaja na miguu pale ngoma zenyewe zilipokatazwa. Niliirudia sehemu hiyo mpaka nikaijua, ndipo nikarudi mwanzo. Miswada yake mingi ilikutwa mwaka 2009 katika nyumba iliyotelekezwa huko Illinois, kwa hiyo hata wanaoujua muziki huu vizuri bado wanamgundua.

Sasa hivi niko kwenye gitaa la besi, na hapa majina yanatafutwa kwa tochi. Motown, kampuni ya rekodi ya Detroit, ilikuwa haiandiki wapigaji wake kwenye majalada. James Jamerson, aliyekuwa akikwanyua nyuzi kwa kidole kimoja tu, alibeba nyimbo nyingi za kampuni hiyo bila kutajwa, hadi What's Going On ya Marvin Gaye ilipotoka mwaka 1971 na majina ya wapigaji yakiwa yameandikwa. Ukitaka kuanzia besi, anzia hapo.