Kidole Kimoja cha Baba Mdogo

Juzi usiku, kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa la nne, katibu aliweka muhtasari wa kikao cha Jumamosi. Kurasa sita. Chini yake akaandika: "Ndugu wajumbe, naomba tuuthibitishe. Anayekubali aweke dole gumba." Faili halijamaliza hata kufunguka kwenye simu yangu, madole kumi na saba yalikuwa yameshajipanga. Mke wangu alikuwa wa tatu.

"Umeusoma?" nikamuuliza.

"Nisome nini, na mimi nilikuwepo?"

Nikanyamaza. Na mimi nilikuwepo, mwaka 2012.

Habari za ukarani wangu kule SACCOS, chama cha akiba na mikopo cha kijijini, Mbozi, nimeshazisimulia vya kutosha hapa: baiskeli, sefu iliyopoteza ufunguo, mbuzi aliyekula stakabadhi. Hili la muhtasari nililiruka makusudi. Baba mdogo husomewa ninayoandika na wajukuu zake.

AMCOS, yaani chama cha ushirika cha kuuza mazao, na SACCOS pale kwetu ni mlango na mlango: jengo moja, bati moja, choo kimoja. AMCOS wakati ule ilikuwa inakusanya kahawa na kuipeleka mnadani Moshi. SACCOS inawakopesha wakulima wale wale hela ya mbolea na dawa ya chulebuni, ule ugonjwa wa buni, na kahawa ikishauzwa, AMCOS inakata deni juu kwa juu na kuwavushia jirani zao SACCOS fedha yao. Bila makato hayo SACCOS ni bubu, haina pa kudaia. Kwa hiyo bodi mbili hizi zilikuwa ndugu kikazi, na kwa damu vilevile. Mwenyekiti wa AMCOS ni baba yangu mdogo. Mwenyekiti wa SACCOS ni shemeji yake. Waliobaki wameoleana hivi kwamba ukimsema mtu unaangalia kwanza nani amekaa kushoto kwako.

Machi mwaka ule wakakaa kikao cha pamoja, ajenda moja tu: makato ya shilingi 200 kwa kilo yakatwe wapi. Kwa asiyetoka kwenye kahawa, mkulima akifikisha kahawa ya maganda kwenye mzani hupewa malipo ya awali, na mnada ukishapita hupewa malipo ya pili. SACCOS walitaka wakate kwenye awali, ndege akiwa bado mkononi. AMCOS wakasema hapana, mkulima ana ada za shule, muacheni apumue, mtakata kwenye ya pili. Na ya pili wakati huo ilikuwa na jina zuri. Mwaka 2011 arabika ilikuwa imepanda kwenye soko la dunia mpaka dola 3 hivi kwa ratili, kijiji kizima kikaezeka mabati kwa malipo ya pili. Nani angeogopa kuisubiri?

Kikao kilidumu saa tatu, kikaishia kwenye mvua. Nikaenda nyumbani, nikaandika muhtasari wangu kwa mwandiko mzuri: "Kikao cha pamoja kiliazimia makato yafanyike kwenye malipo ya awali." Bodi ya SACCOS ilipokutana wiki mbili baadaye ikauthibitisha kabla chai haijapoa.

Wiki iliyofuata ikawa zamu ya bodi ya AMCOS. Katibu-meneja wao alikuwa amelazwa na malaria, nikaazimwa mimi niandike. Nimekaa pembeni, kwenye kiti cha mwisho karibu na magunia, kalamu tayari. Baba mdogo akaweka miwani, akaanza kama wenyeviti wote wanavyoanza.

"Ukurasa wa kwanza?"

"Songa mbele."

"Wa pili?"

"Songa mbele, mwenyekiti."

"Wa tatu?"

Hakuna aliyejibu. Nikainua kichwa. Wote walikuwa wanamtazama yeye, naye alikuwa ameshikilia kidole juu ya aya ya pili kama mtu aliyekamata mdudu.

"Ukurasa wa tatu, aya ya pili," akasema taratibu, "pasomeke 'malipo ya pili' badala ya 'malipo ya awali'."

Nikasema, "Mwenyekiti, kikao kiliamua awali."

"Nani alisema?"

"Wewe, baba."

Hapo ndipo alipovua miwani. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama utotoni nikirudi na punje pungufu za kahawa kwenye debe, akasema, "Mwanangu, hebu kumbuka vizuri."

Nikafungua daftari. Nilikuwa na hakika kabisa, nafungua tu ili nimsomee. Ukurasa wenyewe ulikuwa na alama za matone pembeni, wino umetanuka. Niliandika hivi: "200/kilo. Mabishano. Mvua. M/kiti: 1."

Moja.

Nikaiona siku ile yote. Mvua ya Machi juu ya bati lisilo na dari, mnaoijua mnaijua. Mtu akipiga kelele sikioni mwako unaona meno tu. Wajumbe wamesogeza viti katikati kukwepa pale panapovuja. Shemeji anasema kitu, mjumbe wa nyuma anasema kitu, hakuna anayesikia. Kisha baba mdogo anasimama, uso kwa SACCOS, anainua kidole kimoja. Anakishikilia juu. Vichwa vikatikisika, kimoja baada ya kingine, pande zote mbili. Watu wakaanza kuvaa makoti. Nami nikaandika 1, maana yake malipo ya kwanza, na nyumbani ile 1 nikaivalisha sentensi.

"Nilikuwa naomba dakika moja," baba mdogo akasema, akairudisha miwani. "Nizungumze. Mkaondoka."

Wajumbe wakacheka. Mmoja akasema hata yeye alidhani anaitwa Mungu mmoja. Nami nikacheka, na huku nacheka nikajikuta sijui. Labda ilikuwa dakika. Labda ilikuwa awali, na sasa, baada ya kulala na deni lake mwenyewe la mbolea usiku kadhaa, kidole kimebadili maana. Alikuwa na deni, hilo lilijulikana. Lakini hata mimi nilikuwa mtumishi wa waliotaka awali, na mshahara wangu ulitegemea awali. Nani kati yetu alikuwa na masikio safi?

Nikachukua kalamu. Nikakata "awali", juu yake nikaandika "pili". Baba mdogo akasaini. Kwenye nafasi ya katibu, nikasaini mimi.

Yaliyofuata ni mafupi. Julai, baridi ile ya kwetu ya kukunja vidole, kahawa ikapimwa na watu wakalipwa awali yao bila kukatwa hata shilingi. SACCOS wakaja juu. AMCOS wakatoa faili. SACCOS wakatoa faili. Afisa ushirika akaitwa kutoka Vwawa, akaweka karatasi mbili mezani: kikao kimoja, tarehe moja, mwandiko mmoja, katibu mmoja, maamuzi mawili. Akaniangalia mimi.

Nilitegemea aulize upi ni wa kweli. Hakuuliza. Alisema yote mawili ni bure. Kikao kilichokaa ndicho kinachothibitisha muhtasari wake, akasema. Kikao cha pamoja kinathibitishwa na kikao cha pamoja. Bodi moja moja zikiletewa zinapokea taarifa, zikiwa na pingamizi zinaliandika kwenye muhtasari wao wenyewe, hazigusi wa wenzao. Aliongea kama mtu aliyeshasema maneno hayo vijiji vingi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na nne na hakuna aliyewahi kuniambia.

Wakakaa tena pamoja, Agosti, mchana wa jua kali, kila neno linasikika. Wakaafikiana ya pili, kwa sababu awali ilikuwa imeshaliwa. Kwenye soko la dunia bei ilikuwa inaendelea kuteremka. Mwaka ulipoisha ilikuwa imebaki kama nusu ya ile ya 2011. Malipo ya pili yalikuja kiduchu, na makato yakala hata hicho kiduchu. Kuna nyumba ambazo hazikupokea kitu. Kwetu mojawapo. Na SACCOS haikurudishiwa yote. Mimi nilihama mwaka uliofuata, kwa sababu nyingine, ndivyo ninavyosema.

Krismasi ya mwaka juzi nilikwenda. Baba mdogo amezeeka, anakaa barazani na blanketi miguuni, anahesabu malori. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za wajukuu, nikaona nimuulize, tuko wawili tu.

"Baba, ile siku ya mvua. Ilikuwa dakika, au ilikuwa awali?"

Alifikiri kwa muda, mpaka nikadhani amesinzia.

"Wewe ndiye uliyeandika," akasema.

Basi, juzi usiku nilikuwa kitandani na kurasa sita za wazazi wa darasa la nne, niko ya tatu, aya inayosema kikao kiliazimia mchango wa madawati ulipwe kwa mkupuo mmoja. Nakumbuka mtu alisema awamu. Nadhani alisema awamu. Feni ilikuwa inapiga kelele.

"Bado tu?" mke wangu akauliza. Akanyosha mkono, akaichukua simu, akabonyeza, akazima taa.