Barua mkononi mwa Uria

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Somo letu la juma hili ni 2 Samweli 11, ila naomba leo tumwache Daudi kidogo tumtazame Uria. Mahubiri mengi humpita haraka. Ni Mhiti, mtu wa kuja, lakini analipigania jeshi la Israeli kwa uaminifu hata anakataa kulala nyumbani kwake wakati wenzake wako kondeni. Asubuhi Mfalme Daudi, aliyekuwa amemchukua mkewe Bathsheba, anampa barua ampelekee Yoabu, mkuu wa jeshi. Ndani imeandikwa kwamba awekwe penye vita vikali, kisha aachwe peke yake. Akaibeba kwa mkono wake mwenyewe.

Aliyenikumbusha Uria ni Tibor Rubin, Myahudi aliyezaliwa Hungaria. Askari wa Marekani walipoikomboa kambi ya mateso ya Mauthausen, kule Austria, Mei 1945, yeye alikuwa mvulana wa miaka 15. Baba yake, mama yake na dada yake walifia mikononi mwa Wanazi. Akaweka nadhiri: akifika Marekani ataingia katika jeshi lile lililomwokoa. Aliitimiza. Mwaka 1950 alikuwa vitani Korea, hata uraia hajapata.

Na humo jeshini akamkuta sajini anayewachukia Wayahudi. Wenzake walieleza kwa kiapo kwamba kazi ya hatari ikitokea, jina lililotajwa lilikuwa la Rubin. Safari moja aliachwa peke yake kilimani ili kombania ipate kurudi nyuma, naye akakilinda kilima hicho kwa saa 24. Makamanda waliotaka apendekezwe kwa nishani waliuawa vitani, na sajini aliyepaswa kuandika karatasi hizo hakuandika.

Mwaka huohuo alitekwa na Wachina, akakaa mateka kwa miezi 30 hivi. Wachina walijitolea kumrudisha Hungaria. Akakataa, akabaki na wenzake. Usiku alinyemelea ghala za walinzi kuiba chakula, akijua akikamatwa ni kifo, kisha akarudi kuwagawia wenye njaa. Aliwauguza waliokuwa hawawezi kuinuka. Hadi watu 40 wanahesabiwa kuwa walipona kwa mikono yake. Alipokuja kusimulia habari hizo, alisema kwake ilikuwa ni mitzvah, neno la Kiebrania lenye maana ya amri ya Mungu, na pia tendo jema. Nishani ya Heshima, iliyo kubwa kuliko zote Marekani, alivishwa tarehe 23 Septemba 2005, akiwa na miaka 76.

Kinachonisumbua ni kwamba mtu aliyempeleka penye kifo alivaa sare ileile aliyovaa yeye. Yoabu pia alikuwa wa upande wa Uria. Alisoma barua, akaelewa, akatii. Kombania ile nayo ilikuwa na macho. Ninawashukuru wale askari waliosema hatimaye, maana bila viapo vyao nishani ile isingetoka. Lakini nawaza juu ya miaka yote iliyopita kati ya kuona na kusema.

Nami nina la kutubu. Ijumaa Kuu moja niliwaambia watoto wa Shule ya Jumapili kwamba Wayahudi ndio waliomwua Yesu. Nilisema hivyohivyo, kana kwamba Mariamu, Petro na Bwana mwenyewe walikuwa wa kabila jingine. Watoto wale sasa ni vijana, na sijui wamelibeba wapi neno lile. Wanaosoma hapa, naomba mnisamehe, na mniruhusu nilirekebishe mbele yenu.

Juma hili fungueni 2 Samweli 23, kuanzia mstari wa 24. Ni orodha ya mashujaa wa Daudi. Isomeni polepole, jina kwa jina, msiruke hata yale magumu kutamka. La mwisho kabisa ni Uria Mhiti. Kisha nendeni Mathayo 1:6, kwenye ukoo wa Bwana wetu. Jina la Bathsheba halimo. Ameandikwa tu kuwa ni yule aliyekuwa mke wa Uria.