Midoli ya kitenge, mito, na ile lebo nyeupe: nilivyosajili biashara yangu Pennsylvania

Mnaoishi huku Marekani lazima mshaiona ile lebo nyeupe inayoshonewa kwenye mto au godoro, ina herufi kubwa nyeusi, inasema kisheria hairuhusiwi kuondolewa isipokuwa na mtumiaji mwenyewe. Mi mwaka wa kwanza niliiogopa kweli, nimelala miezi lebo inanikwaruza mguuni, najua nikiikata tu polisi hao mlangoni. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe anayekatazwa ni mwenye kiwanda na mwenye duka, wewe ukishanunua kata hata uchome. Basi sikujua kama iko siku mimi mwenyewe ndo ntakuwa nazishona hizo lebo, na kuzilipia.

Mimi mtu wa Tanga, nakaa Erie, Pennsylvania, kule juu kabisa ziwani, theluji inaanguka mpaka unasahau rangi ya gari lako. Baridi ile mtu unakaa ndani tu, na mimi nilikuwa nashona magauni ya vitenge kwa wenzetu wa hapa, Wakongo ni wengi na harusi zao haziishi, kwa hiyo vipande vinabaki vingi. Mwishoni mwa 2021 nikaanza kushona midoli kwa vile vipande, tembo, twiga, kuku, na mdoli wa kike mwenye kilemba. Ndani najaza matambara, nguo za watoto zilizochakaa nakatakata, kama alivyokuwa anafanya bibi. Macho naweka vifungo. Wakauzika Krismasi ile, mezani pale kwenye gulio la kanisa, nikaona hii biashara ipo.

Halafu dada mmoja mwenye duka la zawadi akachukua 20 kwa mali kauli. Siku ya tatu ananipigia simu, we umesajiliwa? Lebo ya vilivyomo ndani iko wapi, namba yako ya Pennsylvania iko wapi? Nikamwambia dada yangu huyu ni tembo wa kitambaa, si dawa. Akanirudishia wote 20 kwenye boksi. Jamani nilikasirika, nikajisemea huyu kaniona mgeni ndo maana, nikamlalamikia kila mtu. Baadaye nikaenda kusoma nikakuta yeye ndo yuko sawa, na angeuza vile vile na yeye angekuwa matatani.

Ipo hivi. Midoli ya kujaza, yaani kitu chochote laini cha kuchezea chenye kitu ndani, ilikuwa na majimbo matatu yaliyotaka mtengenezaji ajisajili, Pennsylvania, Ohio na Massachusetts. Nilivyokuwa naanza 2022 ndo yalikuwa hayo, na mimi bahati yangu nimeangukia moja la hayo matatu, na la pili liko jirani, mwendo wa nusu saa na kitu kwa gari uko Ohio. Sheria ya Pennsylvania ya midoli ni ya 1961, inasimamiwa na idara ya kazi ya jimbo, na haijali kama una kiwanda cha watu mia au cherehani moja besmenti, yaani chumba cha chini ya nyumba. Mito, magodoro, mablanketi ya kujazwa, hayo ni habari nyingine, yanaitwa matandiko, na majimbo yanayotaka lebo ya matandiko ni mengi zaidi. Mi nilichanganya hivi viwili wiki nzima, nasoma masharti ya mito nikidhani ya midoli, nachanganyikiwa, nafunga kompyuta naenda kupika. Kwa hiyo ukianza jiulize kwanza, kitu changu ni cha kuchezea au cha kulalia, ndo usome.

Na kwa nini wanajali hivyo? Hizi sheria zilianza mwanzoni mwa karne ya 20, maana wenye viwanda walikuwa wanajaza magodoro uchafu, matambara ya kuokota, vitu vilivyokwisha kulaliwa na wagonjwa, juu wanafunika kitambaa kizuri mnunuzi haoni. Nikawaza kwetu. Kwetu fundi godoro anakuja uani kwako, anapasua godoro mbele yako, anaichambua pamba juani, anaipiga mpaka inafumuka, bibi amekaa kwenye kigoda anamtazama mikono hasemi kitu. Pamba yako mwenyewe inarudi ndani, ikipungua unaona. Huku hakuna wa kukaa kwenye kigoda, ndo hiyo lebo. Nilipolielewa hilo hasira ikapungua kidogo, sio yote.

Shida kubwa ikawa matambara yangu. Lebo ya midoli inataka useme ndani kuna nini na kwamba ni vitu vipya vitupu, wanaandika ALL NEW MATERIAL, kisha aina ya kijazio na asilimia yake. Mimi ndani ya tembo kuna soksi za mwanangu. Zimefuliwa, zimechemshwa, lakini mpya? Siwezi kuandika uongo kwenye kitu kinachosema adhabu ya sheria. Vilivyokwisha kutumika vina kanuni zake na usafishaji wake na mi sikutaka hata kugusa huko. Nikapasua midoli yote, ile 20 na mingine iliyobaki, nikatoa matambara, nikanunua fiba mpya ya poliesta, ile nyeupe ya mfuko, imeandikwa wazi poliesta asilimia 100. Nikatunza risiti na karatasi ya mfuko kwenye faili, maana mtu akiuliza umejuaje ni mpya unamwonyesha.

Mama kule Tanga aliposikia akasema si nikutumie sufi! Wale wa pwani mnajua, mto wa sufi hauna mfano, unalala kichwa kimepoa. Na wala sio kwamba hawaijui, kwenye orodha ya vijazio sufi imo, unaandika kapok na asilimia yake basi. Ila kutoa gunia la sufi Tanga mpaka Erie, na zile mbegu zake, uanze kujieleza forodhani, hapana mama, acha tu.

Jambo la macho. Huku nje ya sheria za jimbo kuna sheria ya nchi nzima ya 2008 ya usalama wa bidhaa za watoto, inahusu vitu vya watoto wa miaka 12 kushuka chini, na inataka bidhaa ipimwe maabara, na maabara ni hela. Sasa mdoli laini wa kawaida wanauhesabu kuwa ni wa watoto wadogo hata chini ya miaka 3, wewe useme usiseme. Na kwa umri huo kifungo ni kitu cha kukaba koo. Kipimo cha vipande vidogo hakina msamaha hata kwa sisi watengenezaji wadogo. Lakini kitambaa, uzi na nyuzinyuzi havihesabiki kama vipande vidogo. Basi nikaondoa vifungo vyote, macho nikayatarizi kwa uzi, na kwa kweli yakawa mazuri kuliko mwanzo, twiga akapata macho ya mtu aliyesikia umbea.

Kwa vipimo vingine kuna unafuu, wamama wa cherehani sikilizeni hapa. Tume ya usalama wa bidhaa ya serikali kuu ina daftari la watengenezaji wadogo. Kama mapato yako ni madogo, kikomo nilivyokuwa naanza kilikuwa dola milioni moja na kitu kwa mwaka, mi nilicheka, na kitu unachotengeneza hakizidi vipande 7,500 kwa mwaka, unajiandikisha mtandaoni, bure, unapewa namba, na unasamehewa kupeleka maabara baadhi ya vipimo. Bado unatakiwa bidhaa iwe salama na ufuate viwango, ila hulipi maabara kwa kila kitu. Vitambaa vyenyewe, hata vilivyotiwa rangi, havilazimishwi kupimwa madini ya risasi maabara. Ila unaandika cheti chako mwenyewe cha bidhaa, na unaweka lebo ya kufuatilia, nani katengeneza, wapi, lini, fungu gani. Na hilo daftari la wadogo ni la kila mwaka, Januari unaandika upya, mi mwaka wa pili nilisahau mpaka Machi.

Usajili wa jimbo wenyewe, nitawaambia ukweli, ndo ulikuwa rahisi kuliko vyote. Fomu, jina la biashara, anwani ya mahali unaposhonea, unajaza nini ndani, ada. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nimefunga kanga kiunoni, kumbe mtu akapokea simu akanielekeza polepole, akanirudia mara mbili nilipokuwa sisikii Kiingereza chake. Wiki chache namba ikaja.

Kosa langu lilikuwa haraka. Kabla namba haijaja nilishaagiza lebo 500. Niliziona bei nafuu, nikaziandika mwenyewe, upande mmoja Kiswahili upande mmoja Kiingereza, na maua pembeni, rangi ya maziwa. Nzuri kama kadi ya harusi. Namba sina, nikaacha nafasi nijaze kwa kalamu. Mara ya kwanza kuloweka mdoli kwenye maji, kalamu ikatiririka, tembo kapata doa la buluu tumboni. Na kwa mito ndo hazifai kabisa, maana lebo ya matandiko wanataka nyeupe, wino mweusi, maneno ya Kiingereza kwa mpangilio wao, ukubwa angalau inchi 2 kwa 3, kitu kisichochanika. Maua yako weka mahali pengine. Zile 500 mpaka leo zimo kwenye droo, watoto wanazichorea. Msiagize lebo kabla ya namba, nawaomba.

Mito niliiongeza baadaye mwaka ule ule, mito ya sebuleni yenye foronya za kanga, na maneno ya kanga yamekaa katikati. Hapo ndo nikaingia kwenye matandiko, usajili wake mbali na ule wa midoli. Lebo ya mto ina mambo mengi zaidi, vijazio kwa asilimia za uzito kuanzia kilicho kingi, uzito wa kijazio, ukubwa wa mto, jina na anwani, na hati kwamba vilivyoandikwa ni kweli. Nikawa napima fiba kwa mzani wa jikoni ule wa kupimia unga wa maandazi, na nikagundua nilikuwa siko sawa hata kidogo, mto mmoja umeshiba mwingine una njaa. Wateja hawakuwahi kusema. Sa hivi napima kila mto.

Ohio nayo nikajisajili nilipopata meza kwenye gulio la upande wa Cleveland, 2022 ile ilikuwa dola 50 kwa mwaka. Kwenye lebo ya mdoli sikulazimika kubandika namba ya kila jimbo, ile ya Pennsylvania ilitosha, ila kila jimbo lilitaka ada yake. Massachusetts sijaenda, sina mteja huko, wa nini.

Kuna jambo moja halikunijia akilini mpaka lilipotokea. Oda zikazidi, nikamwomba mama mmoja wa Uvira, Kongo, jirani yangu, fundi kunishinda, anisaidie, ashonee kwake jioni watoto wakilala. Ananiambia, dada, miye natumika usiku, utakuta asubuhi viko tayari. Raha. Sasa namba ya usajili inafuata mahali kitu kinapotengenezwa, sio jina la mwenye biashara peke yake, na kwake ni mahali pengine. Ningeweza kumsajili na yeye, ada mara mbili, karatasi mara mbili. Tukaona bora ahamishie cherehani yake besmenti kwangu. Ikawa ndo kijiwe, redio ya Bukavu kwenye simu, chai ya tangawizi, mimi nakata yeye anashona, na lebo tunaziacha mwisho, tunazishona zote Jumamosi kwa pamoja, kwa mkasi mmoja na maneno mengi.

Yule dada wa duka nilimrudia. Nikampelekea tembo 20 wale wale, wamejazwa upya, macho ya uzi, lebo kwenye mshono wa nyuma chini ya mkia. Akawageuza mmoja mmoja anasoma chini ya mkia, hakuniangalia usoni mpaka alipomaliza wa ishirini. Akaniuliza una mito?