Alama Moja Tu, Madam

Saa 10:30 alfajiri

Karatasi 19 za mkondo B zilikuwa zinanisubiri mezani. Jaribio la mwezi la hisabati lilifanyika Ijumaa, kidato cha tatu nina wanafunzi 214 katika mikondo mitatu, na nilishaahidi kwamba Jumatano nazirudisha zote. Nikasahihishia jikoni ili mwanga usimwamshe mtoto. Kalamu nyekundu ilikuwa inakwaruza, chai ikapoa, na karatasi za mwisho nilizijumlisha jicho moja likiwa kwenye saa ya ukutani.

Watu wanaoniona nikishuka daladala saa 10 jioni huniambia, "Walimu mnafaidi, mnawahi kurudi." Siku hizi sibishani nao.

Saa 11:45 nikatoka. Daladala ya Gongo la Mboto hadi Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, nilisimama mpaka Pugu, nikapata kiti, nikasinzia, nikashuka.

Saa 1:00

Usafi, mstarini, shikamoo zisizo na idadi. Mwalimu wa zamu akatangaza kwamba matokeo ya kidato cha tatu yatabandikwa leo kabla ya kutawanyika. Mistari yote ikaguna, hata kidato cha kwanza ambao hayawahusu.

Saa 2:00, kidato cha tatu B

Hapa ndipo ningependa anayesema ualimu ni kazi nyepesi aje akae, hasa kwenye madawati ya nyuma kabisa. Wenyewe huko wanakuita Kigamboni, kama ule upande wa Dar es Salaam ulio ng'ambo ya maji. Niliwahi kuwauliza kwa nini, wakanijibu, "Madam, huku mpaka uvuke." Mbele wanakaa vipanga, yaani wale wanaoongoza darasani. Hakuna aliyewapanga hivyo. Wamejipanga wenyewe tangu kidato cha kwanza, na mimi kwa miaka 6 nimekuwa nikifundisha huku nawatazama wa mbele, kwa sababu uso wa mtu anayeelewa unapumzisha.

Zamani nilikuwa nagawa karatasi kwa kusoma majina na alama kwa sauti, kuanzia juu kwenda chini. Niliacha. Sasa napita nikizilaza kifudifudi. Haisaidii sana. Kitu cha kwanza mwanafunzi anachofanya akishika karatasi yake ni kukunja kile kipembe chenye alama. Ukitazama darasa kutoka mbele utajua kila mtu kapata nini bila kuona namba hata moja: mwenye 80 kaiacha wazi kama khanga kwenye kamba, mwenye 40 kakunja kidogo, mwenye 15 kakunja mpaka karatasi imekuwa tembe.

Swali la kwanza halikuwa "nimekosea wapi." Lilikuwa "Madam, nani kaongoza?"

Aliyepata 81 alikuwa ameshasimama mezani kwangu kabla sijamaliza kugawa. Kipanga huyo anajumlisha karatasi yake mara tatu, halafu anaazima ya jirani alinganishe. Alitaka alama mbili za swali la 3 kwa sababu mwenzake ana 83. Nilimwonyesha hatua aliyoiruka. Akasema, "Lakini madam, mimi hata sikusoma."

Nimelisikia hilo mara nyingi mpaka limeanza kunichekesha. Kipanga atakuambia hakusoma. Aliyefeli atakuambia hakusoma. Darasa zima la watu 72 hakuna aliyesoma! Nawajua wanaoamka saa 9 usiku kupiga msuli, yaani kusoma kwa bidii, kwa tochi ya simu, lakini asubuhi wanapiga miayo na kusingizia mbu. Kwa sababu anayepiga msuli akapata 60 wanamwona kilaza anayejikongoja, na asiyesoma akapata 60 wanamwita kichwa. Alama ni ile ile, lakini mmoja anachekwa na mwingine anaombwa daftari.

Saa 4:40, chai

Nilikuwa nimeng'ata chapati mara moja tu wakati monita alipokuja kuniambia nina mgeni.

Alikuwa baba mmoja wa makamo, shati limepigwa pasi mpaka mikono ina makali, mkononi ana bahasha ya plastiki. Ndani ya bahasha, karatasi ya jaribio ya mwanawe wa mkondo C. Mkondo C niliwarudishia jana mchana, kwa hiyo ile karatasi ilikuwa imeshalala nyumbani kwao usiku mmoja na kujadiliwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwalimu. Sitakuchelewesha."

Alinichelewesha dakika hamsini.

Mwanawe alikuwa na 29. Kwa wasioujua utaratibu wetu: F inaishia 29, D inaanza 30. C ni 45, B ni 65, A ni 75. Kisha kila herufi inageuzwa pointi, A ikiwa 1 na F ikiwa 5, yanachukuliwa masomo 7 bora, na jumla hiyo ndiyo inayotoa daraja. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza. 34 na 35 ni sifuri. Yaani mtoto anatafuta alama nyingi ili apate pointi chache. Nimeshawaeleza wazazi jambo hili kwa vijiti, kwa mawe na kwa chaki, na yule baba alilijua vizuri kuliko walimu wengine.

"Mwalimu, alama moja tu."

Aliitaja kama mtu anavyoomba chumvi kwa jirani. Moja tu. Nilimwambia nimeshaipitia karatasi, nikaipitia tena mbele yake, swali kwa swali, kidole kwenye kila vema. 29. Akashusha pumzi, akaanza upya.

Kwanza, kijana ana akili sana. Tatizo ni utundu na simu. Nikaitikia. Tangu nianze kazi sijakutana na mzazi aliyeniambia mwanawe ana bidii ila akili haitoshi. Wote wana watoto wenye akili nyingi na uvivu mwingi. Mzazi yuko radhi umwite mwanawe mvivu mbele ya ofisi nzima, mradi tu usimguse kichwa.

Pili, dakika kama kumi baadaye, kwenye ukoo wao hesabu hazipandi. Yeye mwenyewe hazikupanda, mdogo wake hazikupanda, na bibi yake kijana alikuwa akiuza samaki bila kujua kuhesabu chenji. Nikamuuliza biashara ya bibi ilidumu muda gani. Akasema miaka 20. Nikanyamaza ili alisikie jibu lake mwenyewe, lakini hakulisikia.

Tatu, hizi alama zinaenda Baraza la Mitihani. Nikamweleza kwamba jaribio la mwezi linaishia kwenye daftari langu na kwenye ubao wa matangazo. Akaniangalia kama mtu anayefichwa jambo. Simlaumu. Mimi nilimaliza kidato cha nne 2012. Matokeo yetu yalipotoka Februari 2013, nchi nzima ilishika kichwa kwa wingi wa sifuri. Mwezi Mei serikali ikayafuta, yakapangwa upya kwa viwango vya zamani. C yangu ya hisabati ikawa B bila mimi kushika kalamu. Rafiki yangu tuliyekaa dawati moja alikuwa na F iliyogeuka D, na daraja lake likapanda. Lakini miezi ile mitatu alikuwa ameshaanza kujifunza cherehani, ameshawaambia watu kwamba shule haikuwa yake. Hakurudi. Kwa hiyo mzazi akiniambia herufi zinaweza kubadilishwa na wakubwa, sina uso wa kumkatalia kabisa.

Chapati ilikuwa imeshakuwa ngumu. Wenzangu ofisini walijifanya wanaandika maandalio ya somo huku masikio yote yakiwa kwetu. Mwalimu wa jiografia aliinama akicheka kimya kimya, mpaka mabega yakamtoa siri.

Nikaomba kijana aitwe.

Alikuja akasimama mlangoni, anatazama viatu. Aibu ya kufuatwa na baba shuleni ukiwa kidato cha tatu haihitaji maelezo. Nikaifungua karatasi kwenye swali la 5, alama 10, nafasi nzima nyeupe. Nikamuuliza kwa nini hakulifanya, maana darasani siku ile alilifanya ubaoni, nakumbuka.

Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Nilikuwa sina uhakika, madam. Nikaona bora niache."

"Bora kwa nini? Ungepata hata 3 za hatua."

"Ukiacha, hujakosa."

Baba yake akamgeukia. Nilidhani atamkaripia. Alimtazama tu, kisha akaitazama ile nafasi nyeupe, na akaanza kuirudisha karatasi kwenye bahasha taratibu, akiinyoosha pembe. Mlangoni akageuka, labda kwa mazoea. "Basi mwalimu, hata nusu?"

Nikacheka. Naye akacheka kidogo. Sikumpa.

Tuko wengi tunaofikiri mtoto asiyeandika kitu hajui kitu. Yule ana hesabu yake nyingine kabisa: akiandika akakosa, karatasi itasema hana akili, akiacha wazi, itasema tu hakufanya.

Mchana

Vipindi viwili mfululizo kidato cha kwanza, joto la bati, watoto waliotoka darasa la saba wakisoma hesabu kwa Kiswahili na sasa wanaulizwa zile zile kwa Kiingereza. Sauti ilianza kukauka. Makande ya shule yalikuwa na mchanga. Kuna mtu alinijia na kibali cha kwenda hospitali, nikasaini bila kusoma, kisha nikamwita nikasoma.

Saa 8 na kitu, au labda karibu saa 9, mwalimu wa taaluma alisimama juu yangu akisubiri orodha. Nikampa. Akapanga kwa kompyuta, wa kwanza hadi wa 214, akabandika ubaoni. Nikasimama pembeni nikawaangalia wanavyosoma. Vipanga huanzia juu kushuka. Wengine huanzia chini kupanda, kila jina lisilo lao ni ahueni. Na wapo wasiosogea kabisa. Hao hutuma mtu.

Nilipokuwa naondoka, monita wa B akanikimbilia na karatasi 11 alizozikuta sakafuni na ndani ya madawati ya Kigamboni. Zimeachwa. Nikazitia kwenye mkoba pamoja na khanga na kile kipande cha chapati.

Sijui saa ngapi

Foleni ya Pugu ilikuwa ndefu. Nilifika, nikapika, nikamwogesha mtoto, tukala, umeme ukakatika, ukarudi. Miguu ilikuwa inawaka. Nilitaka kulala lakini yule baba aliniachia kitu kichwani, ile alama moja tu, na mkono wenyewe ukaenda kwenye mkoba. Nikazitoa zile 11 nikaanza kuzijumlisha upya, bila sababu ya maana. Ya kwanza sawa. Ya pili sawa.

Ya saba ilikuwa ya binti mmoja wa dawati la mwisho dirishani, mmoja wa wale 19 wa alfajiri. Mbele nimeandika 26. Nikajumlisha, 26. Nikaigeuza tu ili niiweke chini, nikaona nyuma kuna maandishi. Nafasi ilimwishia, akaandika "endelea nyuma" kwa herufi ndogo kama anaomba radhi.

Swali la 8. Mfuatano unaoanza na 3 na kuongezeka kwa 4, tafuta jumla ya namba 10 za mwanzo. Hakutumia kanuni. Aliziandika zote kumi kwa mstari, 3, 7, 11, 15, mpaka 39, akajumlisha mbili mbili kama anayefunga mauzo ya genge, na chini akapiga mistari miwili: 210. Swali halikutaja kanuni, na jibu ni sahihi. Alama 6. Na vema yangu nyekundu ipo pale. Nililisahihisha. Sikulibeba tu kwenda mbele.

26 na 6 ni 32. Ile ni D.

Kipanga wa 81 alijumlisha karatasi yake mara tatu kabla kengele haijalia. Baba wa watu kapanda daladala mbili kuja kupima 29. Huyu aliona 26, akaikunja mara nne, akaitupa chini ya dawati. Hakujumlisha. Kwa nini ajumlishe, kama namba iliyoandikwa inafanana na anachojua kuhusu yeye mwenyewe?

Nikafungua daftari la alama. Nikakata 26 kwa mstari mmoja, nikaandika 32, nikaweka saini pembeni. Karatasi yenyewe nikaikunjua, nikaibana chini ya kamusi inyooke. Ubaoni shuleni bado iko F, na jina lake liko katika ukurasa wa mwisho wa orodha.

Watoto wa karibu huanza kufika saa 12:15. Nikachukua simu, nikarudisha kengele nyuma mpaka saa 9:45, nikatafuta kalamu isiyokwaruza.