Sindano Mbili za Hija

Mwaka 2022 Saudia iliwafungulia tena mahujaji wa nje baada ya korona, ila kwa sharti la umri: wasiotimia miaka 65 peke yao. Mamangu alikuwa na 66. Hakusema kitu. Alifua mapazia yote ya nyumba kwa siku moja, na sisi wanawe tukajua tusimsogelee. Mwaka uliofuata sharti likaondolewa, na jina lake likawa miongoni mwa ya mwanzo kwa wakala wetu hapa Mombasa.

Mama ana sukari tangu mimi niko shule ya msingi. Anatumia insulini ya mchanganyiko, asubuhi na jioni, na hujidunga mwenyewe tumboni huku anasikiliza taarifa ya habari, kama mtu anayefunga kifungo cha nguo.

Mwezi wa Mei nikampeleka kuchanjwa. Kadi ya manjano alikuwa nayo ya zamani, na tangu 2016 chanjo ya homa ya manjano huhesabiwa ya maisha, hivyo hapo tulipita. Zilibaki mbili. Ya kwanza ni ya homa ya uti wa mgongo, ambayo Saudia haina mzaha nayo: mwaka 2000 mahujaji walirudi makwao na ugonjwa huo na kuwaambukiza jamaa zao katika nchi kadhaa. Lazima uchanjwe angalau siku 10 kabla ya kufika. Ya pili ni ya mafua ya msimu, na hii ndiyo niliyoing'ang'ania mimi. Miaka ya nyuma mafua makali yaliwahi kumshukia kifuani, na usiku ule mashine ya kupimia haikutoa namba kabisa. Ilitoa herufi mbili tu, maana yake sukari imepita kiasi ambacho yenyewe inaweza kuhesabu. Akalazwa. Sitaki kuziona tena zile herufi.

Mama alimuuliza muuguzi, "Mwanangu, mimi nina sukari. Haitanidhuru?"

"Haina neno, mama. Wenye sukari ndio tunaowataka zaidi. Anayefuata!"

Alisema kweli. Mwenye sukari akishikwa na mafua huumia kuliko wengine, na chanjo yenyewe ya sindano haina kirusi hai cha kumwambukiza mtu. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na jawabu likakatwa katikati. Ilibaki sentensi moja: sukari inaweza kupanda kidogo kwa siku moja au mbili, basi apime mara kwa mara. Sindano moja mkono wa kulia, nyingine wa kushoto, tukarudi nyumbani.

Kesho yake, baada ya magharibi, Mama akaanza kutetemeka. Jasho la shingoni, kichwa kizito, mkono wa kushoto hawezi kuuinua. Khalati, ambaye alikuja kumsaidia kushona nguo za safari, akaruka. "Imeshuka! Sukari imeshuka!" Na mimi sikumlaumu. Katika Ramadhani iliyokuwa imepita wiki chache tu nyuma, Mama aling'ang'ania kufunga, na alasiri moja sukari ilimshuka kweli: kutetemeka kulekule, jasho lilelile. Soda ndiyo iliyomrudisha. Kwa hiyo sasa Khalati alikuwa na chupa ya asali mkononi na kijiko kimeshachovya, na tone la asali lilikuwa limemwangukia Mama kidoleni.

Nikasema tupime kwanza. 14.8, na kawaida yake ni saba.

"Mashine hiyo imekufa," akasema Khalati.

Ile asali kidoleni ingetosha kuiharibu hesabu, hilo nilikubali. Nikamnawisha Mama kwa sabuni, nikamfuta vizuri, stripu mpya, kidole kingine. 13.6. Haikuwa imeshuka hata kidogo. Kutetemeka kulikuwa ni homa. Mwili ulikuwa unapigana na ile chanjo kama unavyopigana na ugonjwa, na katika vita hivyo homoni huliamuru ini limwage sukari, na insulini nayo hulegea nguvu. Wengi hawaoni tofauti yoyote kwenye mashine. Mama aliiona. Kijiko kile cha asali kingempandisha zaidi.

Tatizo likageuka. "Basi sijala kitu na tumbo halitaki," Mama akasema, "leo sindano niiache." Hapo ndipo nilipoogopa hasa, kuliko ile 14.8. Nikampigia simu daktari wake wa kliniki ya sukari. Akasema insulini asiiache, homa haimpunguzii mtu haja ya insulini. Ale japo uji mwepesi bila sukari, anywe maji mengi, ameze paracetamol, na tupime usiku wa manane na alfajiri. Akianza kutapika, au namba zikizidi kupanda, tusingoje kukuche.

Uji aliunywa kwa shida, Khalati amemshikia bakuli na kumtishia kwamba Makka haendi mtu mwenye njaa. Akadunga. Usiku wa manane ilikuwa 12. Alfajiri 10, homa imekata, na keshokutwa yake akarudi kwenye saba zake za kila siku, anagombana na fundi juu ya upana wa mikono ya baibui.

Huko Mina, alinisimulia kwa simu, hema zima lilikuwa likikohoa. Naye alikohoa pia, siku chache, bila homa. Kama ni chanjo iliyomkinga siwezi kuapa, lakini alipima kila siku na namba hazikumtisha.

Mwaka uliofuata Khalati akaenda umra. Naye ana sukari, ya vidonge. Alinipigia akiwa bado kwenye benchi la kliniki, amejikunja mkono: "Sasa nianze kupima leo jioni, au kesho?" Nikamwambia leo, na asali aifungie kabatini.