Deraya huanza kufa begani

Deraya ya igizo, yaani vazi la kivita la kuigizia, ikichakaa huwa naikagua kuanzia begani na kwapani, si kifuani. Bamba la kifua hudumu. Kinachotangulia kuharibika ni pale mkono unapoinuka, pale bizimu inapovuta na pale kipande cha bega kinaposuguana na shingo. Ndiyo maana swali la "nyenzo ipi ngumu kuliko zote" sioni kama linasaidia. Afadhali kujiuliza kipande kipi kinapinda, kipi kinagongwa na kipi kinakaa tu.

Kwa sehemu kubwa ya mwili bado nachagua sponji ngumu ya EVA, jamii ya ile mikeka ya rangirangi ya kuunganisha inayotandikwa vyumba vya watoto. Milimita 10 kwa kifua na mgongo, 5 au 6 kwa mikono na miguu, 2 kwa mapambo. Ila unene si kila kitu. Bonyeza kwa ukucha wa dole gumba: alama ikibaki, sponji hiyo ni nyepesi mno. Ukiikata, ukingo utaonyesha vitundu, rangi itazama humo, na mkunjo utachanika mapema.

Kata kwa wembe mpya. Wembe butu huivuta sponji na kuirarua, na ukingo uliochanika haukutani vizuri na mwenzake. Kona ya mraba hupatikana kwa kukata kila ukingo kwa nyuzi 45.

Gundi ndiyo roho ya kazi. Tumia gundi ya viatu, ile ya njano ya mafundi viatu. Paka nyembamba pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka ukigusa haishiki kidole, ndipo ukutanishe na kubana kwa nguvu. Lenga vizuri, maana ikishashika haikupi nafasi ya kusogeza. Ukiunganisha ikiwa mbichi, kiyeyushi hunaswa ndani na ungio huachia. Fanyia kazi hii nje, mvuke wake si wa mchezo. Gundi ya vijiti, inayoyeyushwa kwa bastola ya umeme, hulainika juani. Supagluu nayo hukauka ikawa ngumu, na kwenye mkunjo inapasuka. Kwa pambo dogo lisilopinda, sawa.

Kabla ya rangi, pitisha hewa ya moto juu ya sponji mpaka uso uanze kung'aa kidogo. Hapo vitundu vimefunga. Ukizidisha, sponji husinyaa na vipimo vyako vyote vinahama. Kisha weka matabaka matatu au manne ya rangi ya mpira, ile inayopinda pamoja na sponji, kila moja likauke kabla ya jingine. Gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji ni nafuu, na kwenye kofia haina shida, lakini kiwikoni itafanya nyufa. Juu yake rangi ya akriliki inatosha.

Vipande vya kupokea vipigo, kama vya mkono wa mbele na ugoko, vinastahili paipu ya PVC. Ipasue kwa urefu, ipashe moto, kisha ikandamize kati ya mbao mbili ipoe. Hulainika kwenye nyuzi 80 hivi za Selsiasi. Ikianza kubadilika rangi, ondoa moto haraka. PVC inayoungua hutoa moshi wenye asidi. Vipande vya printa ya 3D vya plastiki ya PLA ni vizuri machoni, lakini huanza kulegea karibu na nyuzi 60, na gari lililofungwa juani linaweza kufika huko.

Mikanda wengi huifikiria mwisho, na ndiyo inayowaangusha. Ukibandika mkanda juu ya sponji tupu, gundi itashika lakini sponji yenyewe itanyofoka nayo. Bandika kwanza kiraka cha ngozi au turubai nene ndani, sentimita 5 kwa 5 hivi, kisha piga ribiti yenye washa pana (kile kijiduara chenye tundu) pande zote mbili. Bega lisiunganishwe moja kwa moja na kifua: acha pengo la sentimita 2 na ulishikilie kwa lastiki pana. Mkono ukiinuka, ivutike lastiki, si ungio.